Vidonge vya Babu Dele

"Imeandikwa hapa," alisema Lenox, simu karibu imguse pua. "Hoteli moja ya Shanzu imeachana na keki. Wageni sasa wanapewa vidonge vya shayiri na tende. Havipikwi, havichomwi, havikaangwi. Na wanavigombania!"

Lenox ni karani wa ghala hapa Chaani na mwimbaji wa kwaya kanisani kwao. Kijiweni twamwita Daktari Simu, kwa sababu hakuna maradhi asiyoyatibu kwa bando la siku moja.

"Vidonge ni vya hospitali," akasema Odhiambo, ambaye mwili wake ni kama mashine anayoiendesha bandarini, ndipo akaitwa Kreni. "Nitakula kimoja kutwa mara tatu?"

"Utakula sasa hivi," akajibu Babu Dele, muuza kahawa wetu.

Tukageuka. Mezani pake, pale panapokaa sinia ya kashata kila siku, palikuwa na sahani imefunikwa kawa. Akaifunua. Vidonge kumi na viwili, vyeusi, vimejipanga safu.

"Kashata ziko wapi?" Kreni aliuliza kwa sauti ya mtu aliyeibiwa.

"Kashata basi tena. Kliniki wamenipima, sukari imepanda hadi nesi akarudia, akidhani mashine imeharibika. Na mwajua, kila kashata ikivunjika hapa naila mimi."

"Na isipovunjika waivunja," nikasema. Akakubali kwa kichwa.

"Basi mke wangu Mama Asmaa asema hapiki tena kashata. Nami kahawa chungu bila cha kutafuna nitamuuzia nani? Akanipa sharti. Nitengeneze hivi vya Daktari Simu, alivyonisomea juzi. Leo baada ya alasiri aja kutazama sahani. Akiikuta tupu, naendelea na kazi. Akiikuta imejaa, nafunga kijiwe, nakaa nyumbani." Akalishika dele lake, lile buli la shaba lililompa jina. "Miaka thelathini na moja, jamani. Nikikaa ndani nitakufa kwa upweke kabla ya hiyo sukari."

 Nami niliona uchungu hasa, maana tangu nistaafu reli sina pengine pa kwenda saa kumi.

"Umetengeneza mwenyewe?" akauliza Lenox.

"Mwenyewe! Mama Asmaa nilimtoa jikoni, nikafunga mlango. Pande la tende nililichagua sokoni kwa mkono wangu huu. Nikatoa kokwa, nikalikanda na ile shayiri ya pakiti na zabibu kavu, nikaviringa, nikatia friji."

"Lakini Daktari, tende si sukari?" Kreni akadadisi.

"Hiyo ni sukari ya Mungu, si ya kiwanda."

Tukachukua kimoja kimoja. Kreni alikitupia chote mdomoni, na jicho lake la kushoto likafumba lenyewe. Mashavu ya Lenox yaliingia ndani. Mimi ukali ulinipanda hadi masikioni.

"Kichachu," Kreni alisema alipopata ulimi.

"Ndiyo afya hiyo," Lenox alijitetea huku machozi yakimtoka. "Mwili unatoa sumu."

"Wangu unatoa roho!"

Kreni akatema kitu kiganjani. Kokwa bapa, jekundu la kahawia, linang'aa kama kiatu cha askari.

"Babu, kokwa la tende si huwa refu?"

"Refu."

"Na hili?"

Babu Dele alikivuta kiganja cha Kreni karibu na macho, akakisukuma mbali, akakivuta tena. "Miwani iko nyumbani," akasema polepole. "Hata jana ilikuwa nyumbani."

"Ukwaju!" nikapiga ukelele. "Babu, umetununulia pande la ukwaju!"

Tulicheka mpaka Lenox akaanguka benchini. Kreni akamrushia mbuzi wa jirani kidonge kimoja. Mbuzi akakinusa, akarudi kula katoni.

Kisha nikaiona leso nyekundu ikikata kona. "Mama Asmaa huyo! Aja!"

Vicheko vikakatika. Vidonge vinane bado viko sahanini.

"Mbili mbili!" Kreni akaamuru. "Na wewe Babu."

"Mimi nina sukari."

"Humu sukari iko wapi?"

Tukala. Wallahi tulikula kama watu waliofumaniwa. Cha mwisho nilikimeza kizima, nikakisikia kikishuka ngazi kwa ngazi.

"Asalaam aleikum."

Tuliitikia kwa pua. Mama Asmaa akaitazama sahani, akatutazama sisi. "Mumekula vyote?"

"Mama, tangu nizaliwe sijala kitu kitamu hivi," akasema Kreni, jicho bado limefumba.

"Wallahi, asali tupu," akaapa yule mwimbaji wa kwaya.

"Alhamdulillahi. Maana mimi jana nilimuona Baba Asmaa akirudi na pande la ukwaju, nikanyamaza. Leo nikawaonea huruma, nikasema masikini hawa hawatakula, niwatengenezee vya tende hasa." Akatoa bakuli chini ya leso, akafunua kidogo. Harufu ya tende, nazi na iliki ikatupiga usoni. Mkono wa Kreni ukatoka wenyewe.

Akafunika. "La, mwanangu. Wewe ushapata asali yako. Hivi navipeleka kwa rafiki yangu Nduku na wenzake wa chama cha akina mama. Kijiwe hakifungwi, na Baba Asmaa atawafanyia vya ukwaju kila siku."

Akaenda zake, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Babu Dele aliinyoosha kofia yake, uso umemng'aa. "Mumesikia? Hakifungwi! Kesho saa kumi, msichelewe."

"Kesho nina shifti," Kreni akawahi. "Wiki nzima."

Lenox akakuna kichwa. "Mimi kesho Alhamisi... nimefunga. Sunna."

Babu Dele akamshika bega kwa mapenzi. "Mashallah, Daktari! Basi kaa nasi mpaka magharibi. Na kwa vile sunna ni kufungua kwa tende, nitakuwekea tende zangu."