Siki Yenu Inang'oa Kutu Upesi Mno

Kwa Meneja wa Kiwanda cha Siki,

Kabla ya salamu, naomba nikiri jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mama: kutu iliyo kwenye mashine ya mjomba wangu nairudisha mimi mwenyewe. Nimekuchagua wewe kwa sababu hatujuani, na watu nisiowajua naweza kuzungumza nao vizuri sana, ilimradi iwe kwa maandishi.

Nimemaliza shule juzijuzi. Mjomba, fundi wa vitu vya kale, amenipa kazi katika chumba cha nyuma cha duka lake. Alinunua mashine kuukuu ya kamari kutoka hoteli iliyofungwa, ile ya kuvuta mkono wa chuma, matunda matatu ya kuchorwa yazunguke, kisha uende nyumbani mikono mitupu. Sasa itakuwa pambo tu. Kazi yangu ni kuiondolea kutu, kipande kwa kipande, kwa siki yenu. Siku itakapozunguka, itawekwa mlangoni, nami nisimame kando yake niwaeleze wateja inavyofanya kazi. Mimi, ambaye shuleni nikiitwa jina nilinyoosha kidole badala ya kuitika, nikaandikwa mtoro nikiwa nimeketi darasani.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Siki yenu haina subira. Niliziloweka springi jioni nikitegemea zinipe angalau wiki ya kujificha. Asubuhi kutu ilikuwa imetulia chini ya beseni kama majani ya chai, na springi zinang'aa kunishinda mimi siku ya picha ya darasa.

2. Kwenye chupa mmechora sahani ya mboga tu. Hakuna mahali mlipoonya kwamba siki hii inaweza kumtoa mtu chumba cha nyuma na kumfikisha mlangoni.

3. Mmenifundisha udanganyifu. Chuma kikitoka kwenye siki husuuzwa, hukaushwa papo hapo, kisha hupakwa mafuta. Mimi nasuuza tu na kuvipanga vipande dirishani vikiwa vimelowa. Kesho yake vina kutu mpya, nami naguna kwa masikitiko pamoja na mjomba. Kuguna naweza.

4. Mjomba anamwambia kila anayeingia kwamba siki yenu ni maji yaliyonuna. Jina lenu linachafuka, na kosa ni lenu: mngetengeneza siki mbaya, maneno yake yangekuwa kweli, nami nisingekuwa mwongo.

5. Hili ndilo linaloninyima usingizi. Kuna kigurudumu cha meno ambacho bila hicho matunda hayazunguki. Kimeanza kulika, meno yake mawili yamekuwa kama ya bibi yangu. Kingine kama hicho hakipatikani popote. Kikishika kutu tena, mashine haitazunguka kamwe, na mjomba huipangusa kila anapofunga duka na kuiambia, lala salama, bibie.

Kwa hiyo naomba mtengeneze siki dhaifu, maalumu kwa wenye haya. Mkishindwa, mwandikieni mjomba rasmi kwamba si salama kumsimamisha msichana mlangoni karibu na chuma kilichooshwa kwa bidhaa yenu.

Nisalimie wafanyakazi wote, hasa anayekaza vizibo; nguvu zake nazijua.

Mimi, mwenye heshima nyingi na vidole vinavyonuka siki,

Bi Kimya (ndivyo mjomba anavyoniita)

Baada ya sahihi: Nilipokuwa natafuta bahasha, mjomba akiwa ametoka, aliingia mama mmoja fundi cherehani, akauliza nimeshika nini. Kilikuwa kile kigurudumu. Nilikusudia kumwonyesha mashine kwa kidole tu. Nikajikuta nimeeleza kigurudumu, springi, mkono, na kwa nini matunda husimama moja baada ya jingine. Alipoaga nilimfuata hadi barabarani nikimalizia. Amesema atarudi na dada yake, labda kwa kuniogopa. Nimekausha kila kipande na kukipaka mafuta. Siki yenu msiibadilishe hata tone.

Ila tafadhali usijibu barua hii, wala usimwambie mtu. Mjomba bado anawalaumu nyinyi, nami naomba mvumilie kidogo. Sauti nimeipata leo tu. Haijafika pa kumwambia ukweli.