Siri ya Farasi Peku

Jumatatu, 7 Oktoba
Aibu! Mkeka wetu wa kubeti umechanika tena. Mbio saba za farasi, nimepatia mbili. Miaka kumi na moja nimeujaza mkeka wa kiwanda chetu cha mbao, kalamu mkononi mwangu, na leo kwenye mapumziko ya kahawa wenzangu wamenigeuka. Wamesema Jumamosi hii tutatia mikeka miwili: wangu, na wa Gunvor wa ofisini. Atakayepatia zaidi ndiye mwenye kalamu kuanzia sasa. Gunvor! Mtu anayechagua farasi kwa uzuri wa nywele za paji la uso! Nikasema sawa, nikacheka. Kahawa ikanipalia.

Jumanne, 8 Oktoba
Gazeti halina kitu, wataalamu wake wanababaisha tu. Anayemjua farasi ni anayemlisha. Nimeamua: kesho napeleleza zizi la Vendela, yule mkufunzi wa farasi wa ng'ambo ya mto. Majken, mke wangu, ameuliza mbona najaribu buti za mpira sebuleni. Nimemwambia naenda kuchuma uyoga. Amesema uyoga umekwisha tangu wiki iliyopita. Mke gani huyu, anafuatilia mpaka uyoga?

Jumatano, 9 Oktoba
Nimeona! Saa mbili nzima nimejikunyata nyuma ya lundo la samadi, mvua inanichuruzika shingoni, lakini nimeona kwa macho yangu. Fundi wa kwato kamng'oa farasi Bror Duktig viatu vyake vya chuma. Vyote vinne! Kila mtu hapa anajua maana yake: farasi akivuliwa viatu karibu na mbio, anatakiwa kukimbia peku, na peku anakuwa mwepesi ajabu. Vendela kasimama kando, uso kaukunja. Anaficha furaha, mjanja yule! Bror Duktig yumo mbio ya tano na magazeti hayamtaji kabisa. Kila mbio unaweza kuweka farasi kadhaa, lakini huyu namweka peke yake, bila wa akiba. Niliporudi Majken alinivua nguo zote barazani kwa sababu ya harufu. Jirani akanipungia mkono.

Alhamisi, 10 Oktoba
Balaa. Gunvor naye kamchagua Bror Duktig! Peke yake! Eti ana manyoya meupe miguuni kama soksi. Tukilingana mbio ya tano, samadi yangu yote imekwenda bure. Nikafikiri haraka. Nikamvuta pembeni, nikamnong'oneza kwa huruma kwamba nimesikia kwa mtu wa ndani kabisa: maskini mnyama, kwato zinamuuma, anachechemea, asimwambie mtu. Uongo mtupu! Machozi yakamlengalenga. Akamfuta Bror Duktig, akaandika jike mmoja anaitwa Tuva, ambaye hajashinda tangu theluji ya mwaka juzi. Nikala mikate miwili ya mdalasini kwa raha zangu.

Ijumaa, 11 Oktoba
Mikeka imetiwa. Nimejizoeza mbele ya kioo sura ya mshindi mnyenyekevu. Gunvor kaja kazini na mfuko wa karoti, anasema jioni atampelekea mgonjwa. Hilo sikulitegemea. Nikamwambia farasi mwenye kwato mbovu haruhusiwi karoti. Akaniuliza nimejuaje. Nikaenda zangu msalani.

Jumamosi, 12 Oktoba
Saa nne asubuhi, redio: Bror Duktig kaondolewa. Kwato zinamuuma! Zilimuuma tangu Jumatano, ndiyo maana alivuliwa viatu. Nikakaa chini hapohapo kwenye ngazi, buti moja mguuni.

Kwa kanuni, ukiondolewa farasi wako unapewa badala yake anayependwa na wabashiri wengi. Nikapata nguvu, nikaenda uwanjani. Mbio ya tano, huyo anayependwa kaongoza mpaka mita mia za mwisho. Nimepanda juu ya benchi napiga kelele, mara kachomoka, kaenda shoti. Shoti! Kwenye mbio zetu farasi anakaza hatua tu, haruhusiwi kutimka kwa kuruka. Akienda shoti anatolewa mbioni. Tuva akapita zake, akashinda. Gunvor kapatia saba. Mimi sita. Moja tu, jamani! Majken amesema angalau ni afadhali kuliko wiki iliyopita.

Jumatatu, 14 Oktoba
Kalamu imekwenda. Gunvor kaichomeka nyuma ya sikio, na imeniuma, sitaficha. Kisha akasimama akasema bila mimi, Sixten, asingepatia zote. Eti alipopeleka karoti, Vendela alishangaa nani kavujisha habari ya kwato wakati hata daktari alikuwa hajafika. Wakanipigia makofi! Nikainama kidogo. Ndipo Holger wa msumeno mkubwa akauliza: kama nilijua, mbona mimi mwenyewe nilimweka huyohuyo, tena peke yake? Nikasema nilitaka kuwapa vijana nafasi. Gunvor ana miaka sitini na mbili. Keki ya kijani ya kumpongeza Gunvor ikapita mbele yangu bila kusimama.

Nililia kidogo ndani ya gari. Lakini kabla ya kufika darajani nikaelewa kila kitu. Kosa langu lilikuwa kuamini nilichokiona badala ya nilichokisema! Mimi nina kipaji: nikidanganya, inakuwa kweli. Sasa nitakuwa nikitunga uongo kuhusu mbio zote saba, nausema kwa uso mkavu, halafu najaza mkeka kwa kufuata uongo huohuo, wangu mwenyewe, na Gunvor atajuta kunijua.

Mazoezi nimeanza leo leo. Nimemwambia Majken kwamba sitabeti tena maisha yangu yote.