Saa ya Marehemu Abubakar

Jumatatu, 6 Oktoba
Nimeiona! Mkononi mwa Bi Mwanatabu, jirani yetu hapa Likoni, alipokuja kunijulia hali ya mafua. Saa ya kiume, ya kutia ufunguo, ya mwaka wa sabini na nne, uso rangi ya chungwa. Ya marehemu mumewe, Abubakar. Mimi nina saa kumi na moja za miaka ile. Nne zinatembea. Ya chungwa sina! Mke wangu Zuleikha akasema mgonjwa hutazama uso wa mgeni, si mkono wake.

Jumanne, 7 Oktoba
Hila imeiva. Nimemwambia Bi Mwanatabu saa yake inakohoa. (Uongo. Ina afya kunishinda.) Nikajitolea kuitazama bure. Kesho nitamwambia imekufa, nimpe mpya ya betri, ile nibaki nayo kwa heshima ya marehemu. Akaivua, akaniombea dua ndefu. Nimeitikia amina kwa sauti ndogo.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimeifungua nione uzuri wa ndani tu. Kwa kisu cha siagi. Nikachokora kidogo. Kamani, ule utepe wa chuma unaoiendesha, ikaruka, ikatua kwenye sufuria ya mbaazi! Zuleikha ameipakua kwenye sahani yangu. Saa imekufa kweli. Nilidhani nitafurahi, maana sasa si uongo tena. Mbaazi nimeziacha sahanini.

Alhamisi, 9 Oktoba
Zuleikha ametoka kwa Bi Mwanatabu. Kumbe kila alfajiri, tangu afiwe, huitia saa ile ufunguo kabla ya kuswali. Leo ameamka, akashika mkono mtupu, akakaa kitandani mpaka jua likatoka.

Fundi wa saa hizi ni mmoja tu: Munga wa Ziwa la Ng'ombe. Munga! Hasimu wangu, aliyeniwahi saa ya kijani pale Kongowea akanicheka mbele ya watu. Nimevuka feri, nikamwambia ukweli wote. Hakucheka. Akatoa vipuri alivyoficha miaka, akaiinamia saa hadi alasiri. Malipo akakataa. Afadhali angecheka.

Ijumaa, 10 Oktoba
Nimeungama. "Bi, saa ilikuwa nzima. Nimeiharibu mimi, kwa tamaa."

Akaitia sikioni. Akasikiliza, akasikiliza.

"Mwanangu," akasema, "ungeniambia waipenda, ningekupa uende nayo msikitini. Marehemu alipenda ionekane."

Akanifungia mkononi papo hapo! Nimeswali nayo Ijumaa. Hotuba ilihusu nini, sijui. Nimeirudisha pamoja na sahani ya halwa, na machozi kidogo. Ya mafua.

Jumamosi, 11 Oktoba
Nimetubu. Hila basi, wallahi. Munga amepita kuuliza hali ya saa ya bibi. Mtu mwema mno, nimemkosea miaka yote. Mkononi alikuwa na saa ya mwaka wa sabini na mbili, uso wa buluu, sijapata kuona mfano wake. Jumatatu nitampelekea mahamri, nimweleze taratibu, kindugu kabisa, kwamba uso wa buluu huleta nuksi kwa mafundi.