Ombi la Kuitwa Kunywa Chai

Hangzhou,
Wiki ya mwisho kabla ya Mwaka Mpya.

Kwa Ndugu Mkurugenzi,
Ofisi ya Kusimamia Kampuni za Mtandaoni.

Ndugu Mkurugenzi,

Pole na kazi. Najua mezani kwako yamejaa mafaili ya kampuni kubwa kubwa, na kwamba mwaka huu sauti imekukauka kwa kuzikemea. Hilo hasa ndilo linaloniuma.

Mimi naitwa Tong Jiarui, mkuu wa Idara ya Uhusiano na Serikali katika kampuni ya Kikapu Chepesi, inayouza mboga, mayai na tofu kwa njia ya simu. Niliajiriwa kwa kazi moja tu: siku ofisi yako itakapoiita kampuni yetu kunywa chai, yaani kuonywa, mimi ndiye niende. Niketi kwenye ukingo wa kiti, niandike kila neno, niinamishe kichwa, kisha nirudi kuutangazia umma kwamba tumeelewa makosa yetu. Suti ya kazi hiyo ninayo. Kuinamisha kichwa nimejizoeza mbele ya kioo. Ndugu, hamjaniita hata mara moja.

Mwenyekiti wetu, Ndugu Qiao, ameniambia bila kuzunguka: "Tong, wasipokuita kabla ya sikukuu, hiyo idara yako naifunga. Meza yako nawapa wapanga mayai." Kwa hiyo naandika nikiwa mtu mwenye mke, mama mkwe na mkopo wa nyumba, kuwasilisha malalamiko yafuatayo.

1. Upendeleo. Vuli iliyopita mliziita kampuni zote za chakula za jiji hili kwa siku moja. Washindani wetu, Sahani Nyekundu, waliitwa. Hata yule jamaa anayekodisha miavuli, ambaye si wa chakula na miavuli yake yote imeshaibwa, naye aliitwa. Sisi tulibaki tumevaa suti, tunangoja. Wawekezaji walipoona jina letu halimo wakampigia Mwenyekiti: "Kwani nyie bado mpo?" Katika biashara yetu, Ndugu Mkurugenzi, asiyekemewa haonekani. Wale waliokuwa wakijigamba kwamba wanaibadilisha dunia, leo wanashindana nani kakemewa vizuri zaidi. Nanyi mnaokemea mnachagua kama mtu anayechagua samaki sokoni: mnene kwanza, vidagaa waachwe kwenye beseni.

Mwenzangu Fu Kaiming, niliyesoma naye chuo, anafanya kazi kama yangu huko Sahani Nyekundu. Ameitwa kwenu mpaka anajua mlinzi wenu anavuta sigara gani. Tukienda kula tambi ananiringia: "Wameniita tena, kaka. Nimechoka mimi! Raha yako wewe, hakuna anayekujua." Kisha ananilipia kwa kunionea huruma.

2. Dharau nyumbani. Mama mkwe wangu, Mama Xie, hucheza mahjong uani pamoja na mama yake Fu. Jioni sijamaliza hata kuvua viatu: "Haya, leo umeitwa?" Namjibu bado. "Mwenzio kaitwa! Mwenzio kapigwa faini mpaka wameisoma kwenye taarifa ya habari. Mwanangu kaolewa na mtu ambaye hata serikali haina habari naye." Jambo hili liko ndani ya uwezo wa ofisi yako kulirekebisha.

3. Barua ya shukrani. Kama ujuavyo, kampuni ikiadhibiwa hutoa barua siku hiyohiyo kusema inaipokea adhabu kwa moyo mkunjufu na inaishukuru serikali kwa malezi. Kuchelewa ni utovu wa adabu. Sisi kwa adabu yetu tuliiandika mapema, tukaacha nafasi ya kujaza kosa. Mwezi uliopita msaidizi wangu akabonyeza pasipobonyezwa, ikawafikia wateja wote: "Tunakiri kwa unyenyekevu kosa letu la … na tunashukuru kwa adhabu." Mteja mmoja akauliza, "Ni ile kabichi?" Mwingine akasema, "Nilijua tu yale mayai yana neno." Tukakaa kando ya simu kuwasubiri. Mtu amekiri mbele ya jiji zima, nanyi hata kuuliza amekiri nini hamkuuliza! Huo ni usimamizi gani?

4. Makosa yenyewe. Kutangaza uongo kwa umma ni kosa, na barua yetu ingekuwa ya uongo kama hatukukosa lolote. Kwa hiyo, ili tusivunje sheria, ilitubidi tutafute sheria tulizovunja. Tumezipata, na nazitaja kwa fahari.

Kama wafanyavyo wakubwa, tuliwalazimisha wauza mboga wachague: ama sisi ama Sahani Nyekundu. Walichagua Sahani Nyekundu, wote, na mmoja akatushukuru kwa kumkumbusha. Lakini nia ya kuhodhi soko tulikuwa nayo, na naomba nia ihesabiwe.

Mteja wa zamani tunamuuzia tofu ghali kuliko mteja mpya, kwa kuwa mashine yetu inajua ameshazoea na haulizi. Mama Xie ni mteja wa zamani. Namwona akilipa, nami nanyamaza.

Wapeleka mizigo tumewabana muda hadi mashine ikamwelekeza mmoja wao kuvuka mto mahali pasipo na daraja. Alipiga simu: "Bosi, nivue suruali au nivuke nayo?" Tulimkata mshahara kwa kuuliza, maana kuuliza nako kunapoteza muda. Ndugu Mkurugenzi, kama Sahani Nyekundu wangefanya hivyo, mngekuwa mmeshawapigia simu kabla suruali haijakauka.

5. Usawa mbele ya sheria. Kutokana na hayo, naomba tutendewe kama binadamu wengine. Mtuite. Mtupige faini iliyozidi kidogo ya Sahani Nyekundu, tutakopa. Mkiona inafaa, mtuamuru tujigawe vipande viwili kama wakubwa. Tuko ghorofa moja tu, lakini katikati kuna kizuizi cha kioo ambacho kinaweza kusaidia. Maofisa waje na sare, adhuhuri, lifti inapojaa watu. Tafadhali wasipitie mlango wa mizigo.

Rasimu ya barua hii nimempa Fu aipitie, kwa kuwa anaijua lugha mnayoipenda. Aliisoma mara mbili, akaomba abaki na nakala, na safari hii hakuniringia hata kidogo. Nawe naamini utaguswa hivyohivyo.

Nisalimie katibu wako, dereva wako, mlinzi wa getini, na yeyote anayechemsha maji ya hiyo chai ninayoisikia kwa watu.

Ni mimi, ninayengoja kurekebishwa,
Tong Jiarui.

Tanbihi: Nilikuwa natafuta gundi ya bahasha simu ikaita. Dada mmoja, sauti ya upole: "Ndugu Tong? Kesho asubuhi karibu ofisini unywe chai. Njoo na ile barua, hasa namba nne." Nikamwambia sijaituma. Akasema, "Tunajua. Nakala tunayo." Kumbe kampuni ya Fu ilitakiwa kuonyesha kwamba imejirekebisha, na kufichua makosa ya wengine kunahesabika.

Nikamkimbilia Mwenyekiti. Akaniuliza, "Wameita kampuni, au wamekuita wewe?" Nikasema wametaja jina langu. "Basi hongera," akasema. "Sisi hapa ni duka la mboga. Hatujawahi kuwa na idara ya serikali." Wapanga mayai wameshaleta trei zao mezani kwangu.

Kwa hiyo, Ndugu Mkurugenzi, yote niliyoandika hapo juu nayafuta. Sisi ni wadogo, wadogo mno, hatufai kusumbua mtu mzito kama wewe. Hatukumlazimisha yeyote kuchagua, tofu ni bei moja, na ule mto ulikuwa mkavu. Naogopa, sina haja ya kuficha.

Aliyefurahi ni Mama Xie peke yake. Amenipigia pasi ile suti, akatia mswaki mfukoni, kwa sababu mama yake Fu amemwambia kwamba wengine hukawia. Sasa hivi yuko uani, namsikia mpaka huku ghorofani: "Mkwe wangu kaitwa! Kaitwa peke yake, siyo kwa kundi kama wenzake!" Sijawahi kumsikia akiniita mkwe wake mbele za watu.

Ombi langu limebaki moja. Mkinirudisha, nirudisheni mchana, kwa gari lenu, wakiwa bado wanacheza.