Pete ya Buluu Kwenye Bomba la Sindano

Kitu cha kwanza Nyanjige alichokiona ni kucha. Mtu anayechoma ng'ombe sindano huwa na kucha zilizokatika na harufu ya dawa vidoleni. Za mgeni huyu zilikuwa safi kama za bwana harusi.

Jina lake Selestini. Alifika mnadani Bariadi kwa pikipiki mpya, akamwamkia kila mzee kwa Kisukuma, "mwangaluka," kwa unyenyekevu wa kutosha kumuuzia mtu shamba lake mwenyewe. Kisha akafungua kasha lenye kitambaa chekundu. Ndani mlikuwa na bomba la sindano lililovishwa pete ya buluu kwenye kijiti cha kusukumia, ili dawa isizidi kipimo.

Akaeleza kwamba ameliombea hataza serikalini. Hataza, alisema, ni hati inayomlazimisha kila anayetumia wazo lako akulipe, mradi liwe wazo ambalo fundi wa kawaida asingeliwaza. Anayetaka ubia atoe mtamba mmoja tu.

Mzee Mahona, baba yake Nyanjige, alikuwa tayari ameshika kamba ya mtamba wao. Nyanjige ndiye aliyemlea kwa chupa, na aliahidiwa kwamba mtamba akiuzwa, yeye atanunuliwa cherehani.

Msichana hakuwa mtu wa maneno. Alitia mkono katika mfuko wa dawa wa baba yake, akatoa bomba lao la nyumbani, akaliweka kando ya lile la kasha. Nalo lilikuwa na pete: kipande cha mpira wa baiskeli.

"Huo ni mpira," Selestini akasema upesi. "Yangu ni plastiki."

"Kwani ng'ombe anajua tofauti?" akauliza Mayunga, jirani yao.

Ikaonekana kijiji chao kizima cha Mwamapalala hufunga mipira hiyo, na wote waliiga kwa Mahona. Hawakuitambua tu, maana leo ilikuja imevaa buluu.

Mayunga, aliyekuwa amelisikiliza somo la hataza kuliko wote, akamgeukia mgeni. "Umesema anayetumia wazo la mwenzake alipe. Haya, mlipe mzee."

Selestini akasema ana dharura Nyashimo. Wakamruhusu aende, kwa miguu.

Mahona akamrudishia binti yake kamba ya mtamba, akapanda juu ya pikipiki, akaanza kuwasimulia watu, kama afanyavyo kila mwaka, jinsi wazo lile lilivyomjia usingizini.

"Baba," Nyanjige akasema, sauti ikamshtua hata yeye mwenyewe, "ule mpira niliufunga mimi. Wewe ulikuwa umelala kweli."