Siku Tano Bila Kucheka

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nimeanza daftari hili kwa sababu mambo yamekuwa makubwa na sina wa kumwambia. Jumamosi ndugu za Kache, mchumba wangu, wanakuja kwangu. Wawili, Mwaro na Kenga, kutoka Adu. Wanataka kuona mahali dada yao atakapokaa na mtu atakayekaa naye. Wakiridhika, naoa. Wasiporidhika, narudi kusonga ugali wa mtu mmoja, ambao nimeusonga tangu mke wangu Idah alipofariki miaka minne iliyopita. Sijawahi kuupatia. Kila siku unabaki.

Kasoro ni moja tu. Uso.

Nina miaka hamsini na tisa. Kache sikumtajia nambari, nilisema tu niko kwenye hamsini, jambo ambalo litakuwa kweli kwa miezi mitatu zaidi. Leo asubuhi nilikuwa nafuta kioo cha wateja hapa dukani kwangu, duka la miwani, nikajiona kwa mwanga wa mlangoni. Kila pembe ya jicho ina mistari mitano. Nimehesabu. Ya kushoto ina wa sita unaochipuka. Chini ya macho vifuko viwili, kama nimeficha njugu.

Ndipo akaingia Mwaura, mpiga picha wa mlango wa pili, kuomba sukari. Ana miaka sitini na moja na uso usio na mkunjo hata wa kusingiziwa. Nikamuuliza anapaka nini. Akasema hapaki kitu. Watu wa namna hii hawamsaidii mtu yeyote.

Lakini alinipa wazo. Alisema wale ndugu wakitumiwa picha nzuri mapema, macho yao yatazoea. Akanipiga picha, akaishughulikia kwenye kompyuta nusu saa nzima. Aliponionyesha, nilimwona kijana mtanashati mwenye masikio yangu. Nimemtumia Kenga papo hapo, kabla sijabadili nia.

Jumanne, 5 Agosti

Kenga amejibu. Wamefurahi sana kusikia kwamba dada yao amepata kijana. Nilitembea kifua mbele kwa muda wa saa moja, hadi nikakumbuka kwamba Jumamosi mlango nitaufungua mimi, si picha.

Kwa hiyo nina siku nne za kufanana nayo.

Bahati ikamleta Sista Moraa, muuguzi wa macho katika kliniki ya jirani. Alitaka miwani yake ikazwe skrubu. Nikamuuliza kwa ujanja. Nikasema nina mteja, mzee mmoja, anasumbuliwa na mistari pembeni mwa macho. Aliangalia pembeni mwa macho yangu, kisha akaomba kalamu na kuchora mgongoni mwa bahasha.

Anasema jicho limezungukwa na msuli wa duara, kama kata ya kutwikia ndoo. Sehemu yake ya ndani, iliyo kwenye kope, ni nyembamba, nayo hupepesa bila kukuomba ruhusa. Sehemu ya nje ni nene. Hiyo ndiyo hufinya mtu akitazama jua au akicheka. Misuli mingi ya mwili imeshika mfupa na mfupa, lakini huu umeshikana na ngozi yenyewe. Ukijikunja, ngozi nayo inakunjika, palepale, miaka nenda miaka rudi. Ngozi ya ujanani hujinyoosha ikasahau. Ya uzeeni haisahau.

Nikauliza kuhusu nyusi za huyo mteja. Akasema msuli wa paji la uso ndio unaoziinua, ila haufiki kwenye ncha zake za nje, ndiyo maana huanza kuangukia pembeni. Na vile vifuko? Mafuta ya chini ya jicho yanasogea mbele, kwa sababu utando uliokuwa ukiyazuia umelegea. Hata shimo la jicho kwenye fuvu hupanuka kidogo kidogo. Nikauliza kama mteja wangu ana tumaini. Akasema avae kofia juani na amshukuru Mungu kwa kufika hapo.

Akiwa mlangoni akaongeza jambo moja. Mdomo hucheka kwa amri, lakini ule msuli wa jicho, ile sehemu ya nje, kwa watu wengi haukubali amri. Hucheka moyo nao ukicheka. Sikuona faida ya habari hiyo.

Nilichokisikia mimi ni kwamba mchoraji wa mistari ni kicheko. Mnyime kazi, atahama. Kuanzia saa tano na robo leo asubuhi, sicheki.

Alhamisi, 7 Agosti

Siku ya tatu. Kazi ngumu kuliko nilivyodhani. Mzee mmoja amevaa miwani yake mipya, akamtazama mkewe, akaomba arudishiwe ya zamani. Watu wote dukani waliangua kicheko, mkewe akiwa wa kwanza. Mimi nilitazama ukutani nikafikiria ushuru. Yule mama akaniuliza kama nimefiwa.

Mchana nimejipaka ute wa yai nyuma ya pazia. Ukikauka unavuta ngozi vizuri sana. Pia unavuta nzi. Katika hali hiyo akaingia Viola, binti yangu wa kwanza, mwalimu hapa hapa Malindi, aliyekuja kupanga mapishi ya Jumamosi. Akanisimulia kuhusu mwanafunzi aliyeandika katika insha kwamba babu yake alifariki kwa sababu ya kuzaliwa zamani. Nikasema ni habari ya kusikitisha. Akaniuliza amenikosea nini.

Nikamweleza ni suala la msuli tu, litakwisha. Akasema tangu mama afariki nyumba yetu ilikuwa kimya, na tangu nimfahamu Kache ilikuwa imeanza kusikika tena. Sasa naiona inanyamaza, akasema. Akaenda zake bila kumaliza soda.

Liliniuma. Lakini mtu hawezi kubomoa mpango siku mbili kabla ya wageni.

Jumamosi, 9 Agosti

Niandike haraka, mkono ukiwa bado na hasira ya kutosha.

Niliamka mapema, nikapaka ute. Halafu plasta angavu, ushauri wa Mwaura: unavuta ngozi ya pembe ya jicho kuelekea sikioni, unabandika, unafunika kwa kofia. Kwenye kioo nilipunguza miaka kumi, ingawa nilionekana mtu aliyeshtushwa na kitu.

Wakafika saa sita. Mwaro ni mkubwa, miaka kama hamsini na mitano, tumbo la mbele na sauti ya mtu wa kuita ng'ombe. Kenga ni mwembamba, msikilizaji. Kache mwenyewe hakuja, si desturi. Nikawakaribisha. Mwaro akaketi, akazungusha macho sebuleni, akaniuliza bwana harusi yuko wapi, maana anaona wamepokewa na babake.

Hapa lazima niseme ukweli dhidi yangu mwenyewe. Kwetu shemeji hapimwi kwa maswali. Anapimwa kwa utani. Anakurushia neno, unacheka, unamrudishia kubwa kuliko lake, na hapo mmekuwa ndugu. Usipocheka umemwambia humtaki yeye wala ukoo wake. Nayajua haya tangu nikichunga mbuzi. Mimi mwenyewe nilitaniana na ndugu za Idah hadi wakaniita mulamu, shemeji, kabla chai haijamiminwa.

Lakini ute ulikuwa umekauka, plasta imekaza, na mbele yangu niliiona ile mistari mitano ikisubiri. Nikasema kwa sauti tulivu kwamba bwana harusi ni mimi.

Mwaro alidhani sijasikia. Akajaribu tena. Akasema amekuja kukagua kama panya wa humu wana afya, maana dada yake hapendi kula peke yake. Nikamhakikishia kwamba panya hawapo. Kenga akatazama sakafu.

Joto la mchana likafanya kazi yake. Nilihisi plasta ya kushoto ikiachia. Jicho la kushoto likarudi kwenye umri wake, la kulia likabaki ujanani. Mwaro akanitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, kama chai amimine upande wa mzee au wa kijana. Viola alikimbilia jikoni, nikamsikia akicheka ndani ya kanga. Kicheko changu kilifika kooni. Nikakimeza, na wageni waliona nikikimeza.

Mwaro akaweka kikombe chini. Tangu hapo utani ukakoma. Akaanza kuniita mzee, akazungumza habari za mvua. Pilau hawakuigusa ila kwa adabu. Walipoaga, akanipa shikamoo. Mtu wa hamsini na mitano ananipa mimi shikamoo! Nimeipokea nikiwa nimeshika plasta mkononi.

Jumapili, 10 Agosti

Kache amepiga simu baada ya ibada. Anasema ndugu zake wamerudi kimya. Mwaro amemwambia kuwa mtu huyo amewadharau, na mtu anayedharau utani leo atadharau mazishi yao kesho. Aliniuliza jambo moja tu, kama nilikuwa mgonjwa.

Nikamweleza. Msuli wa duara, ute wa yai, picha ya Mwaura, yote. Kisha akanikumbusha siku aliyomleta mamake dukani kutoka Magarini. Mama huyo alisema miwani niliyompa inaonyesha dunia mbaya, akanivalisha mimi ili nijionee. Nilicheka hadi nikashika meza. Kache anasema alirudi nyumbani akamwambia jirani kwamba Malindi kuna mwanamume anayecheka kwa kichwa kizima. Huyo ndiye aliyemkubali. Kama amekufa, anaomba aambiwe mapema, kwa sababu amekuwa mjane mara moja na inamtosha.

 

Jumanne, 12 Agosti

Nimeamua kwenda Adu kuwachekea.

Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Mdomo unatii. Meno yanaonekana yote. Juu ya mashavu, hakuna kitu. Macho yamekaa tu kama ya mtu anayesubiri zamu hospitali. Sasa ndiyo nimeelewa maneno ya Sista Moraa. Wiki iliyopita niliuzuia ule msuli, leo nauomba, unanigomea.

Nilimwita Mwaura anichekeshe. Amenisimulia kisa kirefu cha kuku wa Murang'a ambacho alikicheka peke yake tangu katikati. Na bado hana mstari hata mmoja. Hakuna haki.

Jumatano, 13 Agosti

Tumefika Adu saa nne, mimi na Viola. Sikupaka kitu. Nilikuwa nimejipanga hivi: Mwaro atarusha neno, nami nitacheka kabla hajalimaliza.

Hakurusha. Alinipa kiti cha kwanza, chini ya paa la makuti, na maji ya kunawa kabla ya wote. Shikamoo mzee. Habari ya safari, mzee. Mzee, mahindi mwaka huu si mabaya. Kache alikaa na wanawake upande wa pili, hakuinua macho. Sijawahi kuheshimiwa vile, na sijawahi kuogopa vile. Niliona wazi kwamba wataniheshimu hivyo hadi jioni, wanisindikize barabarani kwa heshima, na mambo yataishia hapo.

Zile hila zote zilinitoka. Nikasimama. Nikasema nimekuja kwa niaba ya mwanangu, yule kijana wa kwenye picha. Anaomba radhi, hakuweza kufika Jumamosi wala leo. Kusema kweli hata mimi babake sijawahi kumwona. Amenituma niulize, kama dada yenu hana subira ya kumngojea, je, atanikubali mimi nishike nafasi yake?

Halafu Kenga, yule asiyesema, akauliza kama nimekuja na upande wa kushoto au wa kulia.

Mwaro aliachia kicheko kilichofukuza kuku. Nami nikacheka. Sikukumbuka msuli, sikukumbuka kitu, nilicheka hadi machozi yakashuka kwenye mistari yote kumi na mmoja. Nilipofuta macho, Kache alikuwa ananitazama. Mwaro akasema mulamu akae, na asipewe tena kile kiti cha wazee.

Alhamisi, 14 Agosti

Leo nimejitazama kwa kioo kile kile. Nimeikazia macho ile mistari kwa muda mrefu, nikajaribu kukumbuka imetoka wapi. Jua, ndiyo, baadhi. Lakini miaka thelathini na mitano nilikaa na Idah, mwanamke aliyeweza kumwiga mchungaji hadi mimi nikatoka nje ya nyumba kwa kucheka. Hakuna mstari hata mmoja niliouchora peke yangu. Na mimi nilikuwa naifuta kwa yai.

Nililia kidogo. Halafu nikafungua duka. Naandika hapa, kwa kalamu isiyofutika: mimi Japheth Kalama sitadanganya tena umri wangu kwa uso huu.

Jumapili, 17 Agosti

Baada ya ibada tulikaa na mchungaji, Kache, Viola na mimi, kujaza fomu ya kutangaza ndoa kanisani. Jina, kabila, kazi. Kisha umri.

Niliapa kuhusu uso. Fomu ni karatasi. Nimeandika hamsini, nambari safi, rahisi kusomeka.

Mchungaji alisoma. Akampa Viola ajaze sehemu ya shahidi. Viola akaandika umri wake, thelathini na minane. Mchungaji akasoma tena sehemu zote mbili, akavua miwani, akaifuta, akaniuliza kwa unyenyekevu kama ni kweli nilimzaa mwalimu Viola nikiwa na miaka kumi na miwili.

Kache aliinamia kiti cha mbele, mabega yakimtikisika. Amekubali kuolewa nami hivi hivi, na harusi ni mwezi ujao. Mchungaji amenipa fomu nyingine, nirudi nayo nikiwa nimetafakari.

Nimetafakari njia nzima. Kosa halikuwa langu. Thelathini na minane ni mingi mno kwa msichana mwenye uso kama ule. Kesho asubuhi nitazungumza na Viola. Akikubali ishirini na minane, hesabu itakaa sawa.