Kaburi Jipya la Newala

Mimi simwonei huruma Silvano Yeremia, na nawe usimwonee. Mwaka ule wa hamsini na tatu, Waingereza wangali wametukalia, alimwona Mzungu akishusha baiskeli mpya kwenye lori pale Masasi, na papo hapo moyo wake ukaipanda.

Mzungu huyo, Bwana Walter, alikuwa akiandika kitabu cha kuwaongoza wasafiri: historia ya nchi, watu wake na mahali pake patakatifu. Silvano akamzungusha kanisani, akamsimulia habari za watumwa walioachwa huru na wamisionari wao, nyingine za kweli, nyingine kazitunga hapo hapo.

"Hayo yameshaandikwa," Bwana Walter akasema. "Nionyeshe mahali patakatifu ambapo hapajaandikwa, baiskeli hii itakuwa yako."

"Basi keshokutwa tukutane Newala, bwana. Kuna mtu wa Mungu amezikwa kule. Waislamu na Wakristo wote wanamheshimu."

Hakuzikwa mtu. Silvano alitangulia na lori la korosho, akarundika mawe ukingoni mwa mteremko, akanyakua kitambaa cheupe kilichoanikwa kwenye ua wa watu, akayafunika.

Bwana Walter alipofika na baiskeli yake, alivua kofia. Silvano akatiririka: mvua zilizoombwa zikanyesha, simba waliopiga magoti. Simba, jamani.

"Na wenye kaburi ni akina nani?" Mzungu akauliza. "Nasikia huku ndugu ndio humwaga unga kaburini."

Mji ulishamharibu Silvano. Kwetu, kaburi lisilo na ndugu wa kulimwagia unga ni rundo la mawe tu, na yeye ukoo alisahau kuutunga.

Hapo akatokea Mama Ambrosi, mjane wa nyumba ya jirani, akipanda kutoka bondeni na debe la maji kichwani. Akakiona kitambaa chake cha kanisani juu ya mawe. Akamtazama Silvano, akaelewa yote.

"Shikamoo, mama," Silvano akasema kwa sauti ndogo.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni kwa babu yangu." Akamgeukia mgeni. "Namtunza peke yangu, bwana. Maji nayafuata bondeni kwa miguu, asubuhi nzima. Au kijana huyu anasema babu si wangu?"

Bwana Walter akamkazia macho kiongozi wake. Silvano akikana, hakuna kaburi. Asipokana, kaburi lina mwenyewe.

"Ni wake," akasema, na roho ikimuuma kwelikweli.

"Basi baiskeli ni ya mama," Bwana Walter akasema. "Najua ndivyo ungependa, Silvano."

Mama Ambrosi akapokea kwa mikono miwili. Akapeleka maji ndani, akatoka na unga wa mtama na debe tupu.

"Maji ya kukorogea unga huu huteka aliyeleta mgeni," akasema. Mila hiyo sijaisikia kabla wala baada.

Bwana Walter akatoa kamera. Silvano akajitwisha debe, akashuka bondeni, na wanawake waliokuwa wakipanda wakampisha njia.